King Creosote ana albamu ngapi hasa, na ile sidii inayokwama ifanywe nini?

SWALI: Nasoma Dundee, Uskoti. Nilisikia albamu inaitwa Diamond Mine nikampenda sana mwimbaji wake, King Creosote, mtu wa Fife, ng'ambo tu ya mto hapa. Watu wanasema ana albamu zaidi ya 40, ila kwenye simu naziona chache. Juzi nimepata sidii yake ya mtumba yenye karatasi ya kubandika juu na maandishi ya mkono. Kwenye gari la rafiki yangu inakwama kuanzia wimbo wa nne. Ni feki? Inatibika? Na mtu ambaye hata wanafunzi wenzangu Waskoti hawamjui anaishije kwa muziki? Nianzie wapi kumsikiliza?

JIBU: Nianze na sidii, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Itoe kwenye gari leo, na usiirudishe. Redio za gari zinameza sidii kwa mdomo mwembamba, na karatasi iliyobandikwa ikipata joto kona yake huinuka, ikakwama ndani. Hapo utakuwa na hasara mbili, ya sidii na ya redio ya watu.

Feki si lazima. Kwa msanii huyu, sidii ya kuchoma nyumbani yenye maandishi ya mkono mara nyingi ndiyo nakala halisi, tena ya mwanzo kabisa. Igeuze uitazame chini kwenye mwanga. Ikiwa na rangi ya bluu, kijani au dhahabu kwa mbali, imechomwa kwa kompyuta. Ikiwa rangi ya fedha tupu, kwa kawaida imegongwa kiwandani. Lebo yake ya Fence Records ilianza hivyohivyo, kwa kuchoma sidii chache chache, kukunja karatasi kwa mkono na kuuza. Kwa hiyo karatasi iliyopinda peke yake si ushahidi wa wizi. Linganisha mpangilio wa nyimbo, urefu wake na namba ya toleo, kama ipo, na picha za nakala nyingine ambazo wakusanyaji wameziweka mtandaoni.

Sasa kwa nini inakwama wimbo wa nne na si wa kwanza? Sidii husomwa kutoka katikati kwenda nje. Karatasi iliyobandikwa upande kidogo huiondolea sidii mizani, na kadiri miale ya leza inayoisoma inavyosogea ukingoni ndivyo mtikisiko unavyozidi. Sababu ya pili ni rangi yenyewe. Sidii ya kuchoma haina mashimo ya kugongwa kama ya kiwandani. Ina tabaka la rangi ambalo lilibadilishwa kwa miale. Jua hulifubaza. Sidii iliyokaa miaka kwenye dirisha la duka inaweza kuwa safi machoni na mbovu kwenye mashine.

Fanya hivi. Iloweshe upande wa chini kwa maji ya vuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, bila kuilowesha karatasi ya juu. Pangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia kwa upana mashine inaweza kuuziba kwa hesabu zake za kurekebisha makosa, lakini ule unaofuata mzunguko wa njia unafuta data mfululizo. Usitie spiriti wala asetoni. Na karatasi ile, hata ikikukera vipi, usiibandue. Sehemu kubwa ya unene wa sidii, milimita 1.2, ni plastiki iliyo chini. Tabaka la kuakisi liko juu kabisa, limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Ukivuta karatasi unaondoka na muziki. Ndiyo maana mkwaruzo wa chini unaweza kupigwa msasa na maduka yenye mashine, ila wa juu haurudi.

Baada ya hapo tafuta kompyuta yenye kisomaji cha trei. Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy, kwenye Mac XLD, kwenye Linux whipper. Chagua usomaji salama, si wa haraka, na ushushe kasi hadi mara 4 au 8 kama kisomaji kinakubali. Programu hizi hulinganisha matokeo yako na ya watu wengine waliosoma sidii hiyohiyo, lakini kwa toleo adimu hutakuta wa kulinganishwa naye. Usibabaike. Tumia chaguo la kupima kwanza halafu kunakili, yaani kila wimbo usomwe mara mbili. Namba za uhakiki zikifanana, umepata nakala sahihi. Zikitofautiana, hamia kisomaji kingine kabla ya kukata tamaa, maana vichwa vya kusomea vinatofautiana sana kwa sidii za rangi. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kuipunguzia ubora. Sauti ya sidii ambayo haijabanwa hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, na FLAC huipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza kitu.

Kosa la mwisho ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuiachia programu ijaze majina yenyewe. Inakisia kwa urefu wa nyimbo, na kwa matoleo madogo inakisia vibaya. Andika mwenyewe jina la wimbo, jina la toleo na mwaka. Kwa King Creosote toleo ni muhimu kuliko kawaida, na hapa ndipo jibu la swali lako la albamu 40 linapoanzia.

Jina lake ni Kenny Anderson, aliyezaliwa mwaka 1967 St Andrews. Baba yake, Billy Anderson, ni mpiga kodiani aliyeongoza bendi ya ceilidh, ngoma za Kiskoti za kumbini ambako watu hucheza kwa mistari na miduara. Kodiani hiyo mtoto aliirithi. Msikilizaji aliyekulia kwenye taarab ya Unguja ataitambua mara moja, ila kazi yake hapa ni nyingine: kule inapamba na kujibizana na fidla, huku Anderson mara nyingi huishikilia sauti moja ndefu chini ya wimbo, inavuta pumzi tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 alikuwa na Skuobhie Dubh Orchestra, bendi iliyopiga muziki wa kijijini wa Kiskoti na Kimarekani kwa kasi, mitaani na kwenye baa. Ikafuata Khartoum Heroes. Hakuna iliyomtoa. Katikati ya miaka ya 1990 akajipa jina la King Creosote (creosote ni dawa ya kupaka mbao zisioze) na kuanzisha Fence, yaani uzio. Mambo ya mbao tupu. Mojawapo ya matoleo ya mwanzo kwa jina hilo, Inner Crail to Outer Space la 1998, linatania kijiji cha Crail kilicho pwani ya Fife.

Kuchoma sidii nyumbani kulimpa kitu ambacho kiwanda kisingempa. Kiwanda hutengeneza kwanza chapa mama ya kioo, gharama ambayo haijali utagonga nakala ngapi, kwa hiyo kwa kawaida kinataka oda ya kuanzia 300 au 500. Nyumbani unachoma 20 leo, zikiisha unachoma 20 nyingine. Chukua hesabu ya mfano: sidii tupu, kasha na karatasi vikikugharimu paundi 1 na ukauza mkononi kwa paundi 8, nakala 100 zinakuachia paundi 700 bila deni wala ghala. Ubaya wake ni muda, maana kila nakala hupita mikononi mwako, na ubora hauko sawa. Aliyechoma wimbo mmoja mmoja badala ya sidii nzima kwa mkupuo mmoja aliacha kimya cha sekunde 2 kati ya nyimbo hata pale zilipotakiwa kuungana. Ukikisikia kimya hicho kwenye nakala yako, si ubovu.

Kwa njia hii ya gharama ndogo, mtu anayetunga kwa wingi hana sababu ya kusubiri. Ndipo idadi ikapanda hadi zaidi ya 40. Lakini usizihesabu kama albamu 40 za msanii wa lebo kubwa. Anderson huurudia wimbo. Unaweza kuanza kwenye sidii ya kuchoma kwa gitaa na kelele za chumbani, ukarudi miaka kadhaa baadaye na bendi, ukarudi tena na kinanda peke yake, pengine kwa jina lingine. Wengine huita hali hiyo ukosefu wa mpangilio. Kwangu mimi ndiyo kazi yake yenyewe: nyimbo ndizo za kudumu, albamu ni vituo zinapopumzikia.

Kurudia huko kuna faida ya kisheria pia. Wimbo una haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi. Mtunzi akirekodi upya, utunzi unabaki uleule lakini inazaliwa rekodi mpya yenye mmiliki wake. Msanii aliyeiachia lebo rekodi ya kwanza anaweza kumiliki ya pili. Kikwazo ni kwamba mikataba mingi humkataza kurekodi wimbo uleule kwa lebo nyingine kwa kipindi fulani, mara nyingi miaka 5 hivi. Mwenye lebo yake mwenyewe na sidii za kuchoma hana wa kumkataza.

Fence haikuwa mtu mmoja. Ndugu yake Gordon, anayejiita Lone Pigeon, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya The Beta Band pamoja na Steve Mason, ingawa aliondoka mapema kwa sababu ya ugonjwa; "Dry the Rain", wimbo wao unaojulikana kuliko yote, una mkono wake. Mwimbaji James Yorkston alitokea humo akaenda lebo ya Domino na kutoa Moving Up Country mwaka 2002. Mwimbaji KT Tunstall, aliyekulia St Andrews, alipita kwenye duara hilo kabla dunia haijamjua mwaka 2004. Johnny Lynch, anayejiita Pictish Trail, alikuja kuwa mshirika wa kuiendesha lebo. Walikuwa na tamasha lao, Homegame, katika mji wa wavuvi wa Anstruther, si kwenye uwanja wenye mahema bali kwenye kumbi za mji na baa, kwa tiketi chache zilizokuwa zikiisha haraka.

Lebo kubwa zilifika. KC Rules OK ya 2005 ilipita lebo ya 679, tawi lililokuwa chini ya kampuni ya Warner, na bendi ya The Earlies ndiyo iliyompigia. Bombshell ya 2007 ikafuata njia hiyohiyo. Zote mbili ni nzuri, na hazikumfanya nyota. Flick the Vs ya 2009 akaipeleka Domino, lebo huru ya London ambayo amebaki nayo. Ukitaka kujua ana msimamo gani na biashara hii, angalia alichofanya karibu na 2010: seti nzima ya nyimbo yenye jina refu la kejeli, My nth Bit of Strange in Umpteen Years, aliitoa kwa kuipiga jukwaani tu. Wakusanyaji wanaoihesabu kama albamu na wale wasioihesabu hawatapatana.

Diamond Mine uliyoisikia ilitoka Machi 2011, kazi yake na Jon Hopkins, Mwingereza wa muziki wa kielektroniki ambaye tayari alikuwa ameitengeneza Bombshell. Ina nyimbo 7 na dakika 32 hivi. Inakaa vizuri mno kwenye santuri ya inchi 12, kwa sababu upande mmoja hubeba dakika 18 hadi 22 kabla mitaro haijabanana na besi kupungua. Nyimbo zilichaguliwa kutoka akiba yake ya zamani, zikavuliwa kila kitu, zikabaki sauti, kinanda, kodiani na sauti zilizonaswa mazingirani.

Isikilize kwa vipokea sauti, na mwanzo usiuruke. "First Watch" inaanza mgahawani: vikombe, sahani, watu wa Fife wakizungumza yao. Kinanda kinaingia chini ya mazungumzo taratibu, na hakuna sekunde unayoweza kuinyooshea kidole ukasema hapa ndipo muziki ulipoanza. Kisha mgahawa unapotea, inaingia "John Taylor's Month Away", na sauti ya Anderson iko karibu mno, bila mwangwi wa kuficha kitu. Angeweza kuimba kwa nguvu, hafanyi hivyo. Lafudhi ni ya nyumbani kwao, haikulainishwa kwa ajili ya London. Kwenye "Bubble" mapigo ya kielektroniki yanachomoza, madogo. "Your Young Voice" ya mwisho ni maneno machache sana yanayorudiwa, na kinachobadilika ni vilivyoyazunguka. Hopkins ana nidhamu ambayo watayarishaji wengi hawana: akishaongeza kitu kimoja, husubiri.

Albamu hiyo iliteuliwa kwa tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, mwaka 2011, mwaka ambao PJ Harvey alishinda kwa Let England Shake. Wawili hao walirudi na Honest Words, santuri fupi ya mwaka huohuo, na mwaka 2013 sauti ya Anderson ikasikika tena kwenye wimbo unaofunga albamu ya Hopkins, Immunity. Wasikilizaji wengi wa muziki wa kielektroniki wamemsikia huyu bwana bila kujua.

Mwaka huohuo wa 2013 Fence ilivunjika kwa namna ilivyokuwa ikiendeshwa. Lynch, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Eigg, alianzisha lebo mpya, Lost Map, na baadhi ya wasanii wakamfuata. Hapo unapata sababu mojawapo ya simu yako kuonyesha kidogo. Kupandisha albamu kwenye huduma za kusikiliza kunahitaji faili la masta, yaani rekodi ya asili iliyokamilika, msimbo wa utambulisho kwa kila rekodi, na mtu mmoja mwenye haki anayejaza fomu. Matoleo ya kuchomwa chumbani yasiyo na mwenye kuyashughulikia hubaki nje. Mengine yalitoka kwenye santuri tu, kwa makusudi.

Kuhusu riziki, hesabu zake za ndani si za kuandikwa na mtu mwingine, ila mifereji ya fedha kwa msanii wa aina hii inaeleweka. Kuna fedha ya mlangoni na ya meza ya mauzo, inayoingia usiku uleule. Kuna PRS for Music, inayokusanya kwa ajili ya mtunzi kila wimbo unapopigwa redioni au jukwaani. Kwa jukwaani msanii lazima atume orodha ya nyimbo alizopiga, tarehe na jina la ukumbi, na wengi wanakosa fedha kwa uvivu wa fomu hiyo tu. Kuna PPL, inayolipa kwa ajili ya rekodi, si utunzi. Anayetunga mwenyewe, kuimba mwenyewe na kumiliki rekodi hukinga vyombo vyote. Na kuna kazi za kuagizwa, ambazo zinaweza kulipa kwa mkupuo kuliko miaka ya kusikilizwa simuni.

Ya kuagizwa iliyomkaa vizuri zaidi ni From Scotland with Love ya 2014. Mwongozaji Virginia Heath alishona filamu kutoka kwenye picha za kumbukumbu za Uskoti, bila msimulizi hata mmoja, na Anderson akaandika nyimbo za kubeba hadithi. Ilikuwa sehemu ya shughuli za utamaduni za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Glasgow. "Cargill" ni sauti ya mwanamke wa mvuvi anayetazamia mashua irudi. "Largs" ni mji wa mapumziko ya pwani. "Miserable Strangers" ni wahamiaji wanaoiacha nchi kwa meli. "Bluebell, Cockleshell, 123" ina watoto wanaoimba mchezo wa kuruka kamba, na kwa mtu aliyecheza michezo hiyo uwanjani kwa Kiswahili haihitaji tafsiri.

Basi anza na hiyo ya 2014, maana inafungua mlango kwa urahisi. Rudi Diamond Mine. Kisha KC Rules OK, umsikie akiwa na bendi na utani wake. Astronaut Meets Appleman ya 2016 ina filimbi za Kiskoti za mfuko kwenye "Melin Wynt", zikipanda juu ya mdundo hadi huwezi kukaa kitako. I DES ya 2023 iweke mwisho: imejaa mashine za sauti na kifo, na inafunga na "Drone in B#", mvumo wa zaidi ya nusu saa ambao wengine wataupenda na wengine watauzima dakika ya tatu. Mimi ni wa kundi la kwanza, lakini sikulazimishi.

Kuhusu kununua: Groucho's, duka kongwe la mitumba hapo Dundee, lilifungwa mwaka 2020. Assai lipo Dundee kwa santuri mpya, na Monorail la Glasgow ndilo lenye watu wanaozijua lebo ndogo za Uskoti. Ukiona sidii nyingine ya kuchoma, omba igeuzwe kabla ya kulipa, angalia kama rangi imefifia kwa mabaka ukingoni, na ikague kwa juu kuliko kwa chini. Ukitaka kuuona upande huo wa pwani, basi namba 99 linakufikisha St Andrews, hapo unapanda 95 linalopita Crail kwenda Anstruther. Kaa upande wa kushoto, ndio wenye bahari.